Udongo Uliobisha Ukutani

Mvua ya kwanza ya mwaka huu ilipoanza kunyesha hapa Tudor, mjukuu wangu Rukia alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati langu, akinipangia nguo ambazo siwezi tena kuziinamia. Akatoa kijaluba cha shaba, kidogo cha kuenea kiganjani, akakifungua bila kuniuliza, akakinusa.

"Nyanya, hii ni hina?"

"Si hina. Kifunike."

"Mdalasini?"

"Kifunike, mwanangu. Huyo ni mgeni."

Akacheka akidhani namfanyia maskhara. Lakini harufu ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa harufu ya udongo mwekundu uliofungiwa muda mrefu, kavu na tamu kidogo, ikakutana na harufu ya vumbi linalolowa iliyokuwa ikiingia dirishani. Nikashika mkono wa kiti. Kwa kitambo sikuwa tena kikongwe katika fleti ya mwanawe. Nilikuwa mtoto wa kike aliyekaa juu ya mkeka, mgongo kwenye nguzo ya ua, Mji wa Kale, macho yangu yakiutazama ukuta.

Wenzangu wa umri wangu waliolelewa mitaa ile wanazikumbuka nyumba zetu. Mitaa inateremka kuelekea baharini, na nyumba zimekatiwa ndani ya mteremko. Nyumba yetu ilikuwa na ua nyuma, na mwisho wa ua palikuwa na ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliojengwa na watu ambao hata majina yao hatukuyajua. Upande wa pili wa ukuta ule hapakuwa na jirani. Palikuwa na ardhi. Ardhi yenyewe, imesimama nyuma ya mawe, juu kupita paa la jiko letu, na juu yake palikuwa na makaburi madogo ya msikiti wa mtaa. Tulikuwa tukifua, tukipika na kucheka chini ya watu waliolala.

Mamangu alikuwa mmoja wao. Alizikwa katika safu ya mwisho, karibu kabisa na ukuta wetu, nikiwa na umri wa kuijua sura yake lakini si wa kujua kufa ni nini. Nilipomlilia, watu wazima walinipangusa machozi wakaniambia, "Mamako yuko hapo tu, nyuma ya ukuta." Walisema kwa huruma. Mimi niliyachukua maneno yale kama yalivyo, na nikaanza kumngoja.

Chini ya ukuta, kama kimo cha goti, palikuwa na matundu yaliyoachwa na wajenzi. Wakati wa kiangazi yalikuwa makao ya mijusi. Ikija mvua, yalitoa maji mekundu membamba, na maji yakishapita, mbele ya kila tundu palibaki ulimi wa udongo, laini kama unga uliochekechwa. Nilikuwa nikichuchumaa kuutazama. Haukuanguka wala haukumwagika. Ulikuwa ukitoka taratibu, kama mtu anayepenya mlangoni asitake kuwaamsha wenye nyumba.

Nyanya, mamake mama, ndiye aliyekuwa akiuzoa. Hakuuchanganya na taka hata siku moja. Aliukusanya kwa kizoleo, akautia katika kikapu alichokitenga kwa kazi ile peke yake. Alhamisi baada ya sala ya alasiri alijifunga buibui, akachukua shada la mrehani, akanishika mkono, tukatoka mlango wa mbele, tukazunguka na kupanda kichochoro mpaka kwenye lango la makaburi. Wanawake wa kwetu walikuwa wakikomea langoni. Hapo alitoa salamu kwa wote waliolala, wakubwa na wadogo, akaomba dua, kisha akampa mwangalizi kikapu na mrehani. Mwangalizi aliumwaga udongo kwenye safu ya mwisho, akausawazisha kwa mkono, akaweka mrehani, akanyunyiza maji. Kisha tulirudi nyumbani na kikapu kitupu.

Hayo ndiyo waliyokuwa wakiyafanya. Mimi nilikuwa nikiona mengine. Nilikuwa nikimwona mamangu akija nyumbani kidogo kidogo, kupitia matundu, kwa kuwa hana njia nyingine, na kila Alhamisi Nyanya akimkusanya na kumrudisha. Nilikichukia kikapu kile. Nilikuwa nikikitazama kimetundikwa msumarini kama ninavyomtazama mtu aliyenionea. Siku moja, kabla Nyanya hajaja na kizoleo, nikachota udongo kwa vidole vitatu, nikautia katika kijaluba ambacho mama alikuwa akiwekea wanja wake, nikakificha chini ya godoro. Nilitaka angalau ncha ya kidole chake ilale ndani.

Na kulikuwa na mawe. Kila kaburi lilikuwa na jiwe kichwani, na kutoka langoni niliona kwamba mawe ya safu ya mwisho hayakusimama kama ya safu nyingine. Yalikuwa yameinama. Yaliinama yote kwa pamoja, kuelekea upande wetu, kama safu ya watu walioanza kurukuu. Kila baada ya masika yalizidi kidogo. Nilimuuliza Nyanya kwa nini wao peke yao ndio wanaosali.

"Wote wamo katika hali zao," akanijibu. "Usihesabu sala za watu."

Ukafika wakati wa khitma ya mama, kisomo cha kumwombea. Babangu alitaka isomwe uani kwetu, watu wakae karibu na marehemu. Mikeka ingetandikwa mpaka chini ya ukuta, na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika. Nilikuwa nimelala mapajani mwa Nyanya nilipomsikia Baba akizungumza na mdogo wake, Ami Salim.

"Haitakuwa adabu," Baba alisema. "Maji yatoke makaburini yapite katikati ya watu, chini ya misahafu, chini ya sinia za chakula. Maji yaliyopita juu ya marehemu."

"Basi tuyazibe matundu," Ami akasema. "Simiti mfuko mmoja watosha. Tena tuupige ukuta lipu, uwe kama bibi harusi."

"Wewe wajua kupiga lipu?"

"Kuna nini cha kujua? Ni kama kupaka siagi mkate."

"Mkate waupaka uko mkononi, Salim. Huu umesimama."

Walicheka, na kesho yake waliifanya kazi wenyewe, wamekunja vikoi, kwa kuwa Baba hakutaka mtu wa kuajiriwa aguse ukuta ule. Waliyaziba matundu yote kwa mawe na simiti, kisha wakaupaka ukuta mzima mpaka ukawa laini na mweupe. Walifanya kwa heshima. Nasema hivyo kwa sababu nimeishi miaka mingi nikilifikiria jambo lile, na sijaona ndani yake isipokuwa heshima. Hawakutaka marehemu wao akanyagwe.

Nilisimama mbele ya ukuta mweupe nikahisi nimefungiwa nje. Nyanya alitundika kikapu chake, na kikabaki kimetundikwa.

Mvua zikaja. Khitma ikasomwa kati ya mvua na mvua, ua ukiwa mkavu, watu wakamsifu Baba kwa ukuta wake. Lakini mimi niliyekuwa nikikaa pale kila siku, nguzo mgongoni, nilikuwa nikiyaona mambo. Kwanza ukuta ulianza kutoka jasho. Ulikuwa na matone madogo kote, hata siku za jua. Kisha weupe wake ukapata madoa mekundu, mahali pale pale palipokuwa na matundu, kama kitambaa kilichofunikia vidonda. Kisha ukafura. Ulifura katikati, polepole, kama mwanamke mwenye mimba changa anayejifunga leso ili isionekane. Mlango wa stoo, uliopachikwa ubavuni mwake, ukakataa kufunga.

Baba aliweka kiganja chake juu ya ule uvimbe. "Ulikuwako kabla ya babu yangu," akasema. "Mola ataushika."

"Labda jamaa wa upande ule wamechoka, wameuegemea," Ami akasema.

"Salim!" Nyanya akamkata. "Ulimi wako utakutoa nje ya nyumba hii."

Tangu jioni ile, kila baada ya sala, Baba aliomba ukuta usimame. Nilimsikia. Nami niliyekuwa nyuma yake, nimenyanyua mikono midogo, niliomba uanguke. Sikuuchukia ukuta. Nilitaka mtu aliyeko nyuma yake apite. Sikujua kwamba jiko la Nyanya, mkeka wangu na sisi wawili tulikuwa katika njia yake.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa mfululizo, kisha ikakatika ghafla, na alasiri ikawa kimya kiasi cha kusikia kunguru akitembea juu ya mabati. Baba alikuwa dukani. Nyanya alikuwa ameinjika mbaazi za nazi juu ya jiko la makaa, hatua chache kutoka ukutani, na mimi nilikuwa mahali pangu.

Ukuta ukabisha.

Haukuvunjika wala haukulia. Ulibisha, sauti moja kavu, kama kifundo cha kidole juu ya mlango wa mninga. Nikatazama. Hapakuwa na kitu ila weupe na madoa. Kimya kikarudi, na mbaazi zikaendelea kuchemka. Kisha ukabisha tena.

Nyanya ndiye aliyenifundisha adabu za hodi. Mgeni hubisha mara tatu. Akikaribishwa, huingia. Asipojibiwa, hurudi alikotoka, wala hakasiriki. Nilizijua adabu zile kuliko nilivyojua jina la mtaa wetu, na kwa hiyo nilijua kwamba nimebakiwa na mara moja tu. Mwili mzima ulinisisimka. Furaha na hofu zilinijia pamoja, sikuweza kuzitenga.

Ukabisha mara ya tatu.

"Nyanya," nikasema, "Mama yuabisha."

Alikuja na mwiko mkononi, unachuruzika tui. "Wapi?"

"Hapo. Mara tatu. Nimkaribishe?"

Hakunikemea. Alisogea, akainamisha sikio karibu na ukuta bila kuugusa. Nami nilisikia kile alichokisikia: ndani kabisa, nyuma ya mawe, kitu kilikuwa kikisogea, mfano wa mtu anayeburura mkeka juu ya sakafu, akasita, akaburura tena. Nyanya alibaki ameinama. Nilipomtazama usoni, ulikuwa umetulia sana, na utulivu ule ndio ulionitisha.

"Usimjibu," akasema.

"Ataondoka! Wewe mwenyewe uliniambia, mgeni asipojibiwa huondoka!"

"Huyo ni mgeni wa duniani." Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi. "Walio upande ule hawaji kwetu, mwanangu. Sisi ndio twendao kwao. Kama mamako akutaka, twende tukamwone. Niletee buibui langu."

"Leo si Alhamisi."

"Lete buibui."

"Na mbaazi?"

"Ziache."

Nyanya hakuwa mtu wa kuacha jiko likiwaka. Sijapata kumwona akifanya hivyo, si kabla wala baadaye. Tulitoka mlango wa mbele, tukapanda kichochoro kama kila Alhamisi, wala hatukukimbia. Alikuwa akinivuta tu kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida.

Langoni hapakuwa na mtu. Kulikuwa na harufu, ile ile ya kijaluba, lakini nzito, kama chumba kilichofungwa miaka kikafunguliwa. Mawe ya safu ya mwisho yalikuwa yameinama hadi nikadhani sasa yatasujudu. Na kati ya safu ile na nyingine, ardhi ilikuwa imechanika. Ufa ulipita kutoka upande mmoja wa makaburi hadi wa pili, umenyooka kama pindo lililofumuka, mweusi ndani.

Nyanya akaanza kutoa salamu. Alikuwa katikati ya maneno pale kipande chote kile cha ardhi, pamoja na safu yake, kilipokaa kitako.

Sina neno jingine. Hakikuporomoka. Kilikaa, bila papara, kama mtu mzima anavyokaa kitini. Nililiona jiwe la mamangu likishuka limesimama wima, na likazama nisilione tena. Ndipo mngurumo ulipokuja kutoka chini, kutoka kwetu, na nyuma yake vumbi la chokaa, na ndani ya vumbi harufu ya mbaazi zinazoungua.

Nyanya aliimaliza salamu yake. Alitaja maneno yaliyobaki moja moja hadi mwisho, mkono wake umenibana kichwa ubavuni mwake. Ndipo akageuka.

Tulipofika nyumbani, mlango wa mbele ulikuwa kama tulivyouacha. Ua haukuwepo. Udongo mwekundu ulikuwa umeujaza kutoka palipokuwa na ukuta hadi kwenye kizingiti cha sebule. Jiko lilikuwa chini yake, na sufuria, na stoo. Watu walikuwa wakimiminika, wakiita majina yetu ndani ya nyumba. Baba alikuja mbio kutoka dukani bila viatu. Aliponiona mlangoni alianguka magoti, akaninusa utosini kama wanavyonuswa watoto wachanga.

Ami Salim ndiye aliyepita wa kwanza na koleo. Kisha akasita. Watu wote wakasita.

Katikati ya ua, kando ya nguzo, pale palipokuwa mkeka wangu, jiwe la mamangu lilikuwa limesimama. Halikulala, halikuvunjika. Lilisimama wima juu ya udongo, wima kuliko lilivyosimama makaburini, uso wake umeelekea nguzo niliyokuwa nikiegemea. Na chini yake, juu ya kipande cha ardhi kisichotibuka, lilikuwako shada la mrehani la Alhamisi iliyopita, limenyauka, liko mahali pake.

Niliponyoka mikononi mwa Baba nikaenda hadi mbele ya jiwe. Nilikuwa nimemngoja muda mrefu, na mara hii hapakuwa na wa kunizuia kujibu.

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu kitako."

Hakuna mtu aliyesogea. Ami Salim aliweka koleo chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Baba alikaa pale pale juu ya udongo na vazi lake la dukani, akajifunika uso. Nilisikia wanawake wakiomba hifadhi kwa sauti ya chini.

Wanaume walituomba tutoke, wakapanda makaburini kuangalia. Baada ya muda Ami alikuja kusimama mlangoni, miguu myekundu hadi magotini, maskhara yote yamemtoka. "Wako salama," alimwambia Nyanya. "Ulioshuka ni udongo wa juu na wa ubavuni. Wao hawakuguswa. Mwanandani wake uko mzima." Aliinama akaniambia nami, kwa sababu alikuwa mtu wa huruma, "Pale mamako alipolazwa hapajasogea hata kidogo."

"Lakini amekuja," nikamwambia.

Nyanya akachuchumaa mbele yangu.

"Umemkaribisha vizuri," akasema. "Umemkaribisha kama mtoto aliyefunzwa. Haya niambie, mgeni akishakaribishwa, akakaa, akakuona, wakati wake wa kwenda ukafika, hufanywa nini?"

Nilifikiri. "Husindikizwa."

"Leta kikapu."

Kilikuwa bado kimetundikwa msumarini mwake, upande wa sebule. Nilikileta mwenyewe. Siku zilizofuata mtaa mzima ulibeba udongo ule, kwa vikapu, kwa karai, kwa ndoo, wakizunguka mlango wa mbele na kupanda kichochoro. Hakuna aliyeutupa hata koleo moja baharini, ingawa bahari ilikuwa karibu kuliko makaburi na njia yake ni ya kuteremka. Nami nilikuwa na kikapu changu. Nilipanda nacho nikimwaga njiani, nikirudi kukusanya nilichomwaga, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba mamangu anafukuzwa. Nilikuwa nimemshika mkono, namtoa hadi mlangoni kwake.

Jiwe lilipokwisha kusimamishwa tena, Nyanya alibaki langoni. Watu walikuwa wameshaondoka. Nilichoka, nikamvuta buibui.

"Twangoja nini?"

"Msindikizaji hageuki mwenyewe. Hungoja mgeni amwambie, basi rudi, hapa panatosha."

Tukangoja. Kisha akasema, "Haya, twende," na tukaenda. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

Baba alijenga ukuta mwingine, na safari hii aliacha matundu, makubwa kuliko ya kwanza. Masika yaliyofuata maji mekundu yakatoka, yakapita katikati ya ua, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Nyanya akarudia kizoleo chake.

Haya yote nimemsimulia Rukia, mvua ikigonga dirisha. Rukia anasomea mambo ya ardhi chuo kikuu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaenda jikoni akaleta sinia lenye unga, akaliinua upande mmoja kwa kitabu. Akaniambia udongo wa mteremko haukai hata siku moja. Ukilowa hufura, na hufura kwa kutoka nje, kuufuata mgongo wa mteremko. Ukikauka hunywea, lakini haurudi palepale ulipotoka. Uzito wake huuvuta chini, ukatulia unywele mmoja mbele ya pale ulipokuwa. Mvua na jua, mvua na jua, na unywele kwa unywele kilima kizima husafiri. Tone la mvua nalo likipiga ardhi tupu hurusha punje pande zote, ila zinazorukia chini hufika mbali kuliko zinazorukia juu. Ndiyo maana mawe yalirukuu, akasema: ardhi ya juu huenda haraka kuliko ya chini yake.

"Na matundu, Nyanya, ndiyo yaliyokuwa yakiushikilia ukuta. Yalitoa maji. Yalipozibwa, maji yalijaa nyuma, yakausukuma."

"Na jiwe? Na mrehani?"

"Kipande kilishuka kizima. Kama wewe unavyobeba sinia na vikombe visimwagike."

"Na kubisha?"

"Mawe yakiachana na chokaa hulia."

"Mara tatu?"

Rukia alitabasamu, akautazama unga wake. Sikumshikilia. Aliyoniambia nayaamini yote, na namshukuru Mola aliyempa mjukuu wangu ilimu ile na kunipa mimi uhai wa kuisikia. Nikitazama maji ya Tudor siku za mvua, yanavyogeuka mekundu hadi miguuni mwa mikoko, naelewa kwamba ni nchi inayopita. Kila kitu kimo safarini kuelekea chini, hata tulivyovisimamisha kwa mikono yetu na kuvisomea. Halinisikitishi hilo. Ninachomshukuru zaidi ni adabu ya bibi mmoja ambaye hakujua lolote kuhusu maji na mteremko, ila alijua nani humzuru nani, na kwa ajili hiyo mimi nikakua, nikaolewa, nikazaa, nikazeeka.

Lakini kijaluba kilinikera. Kilikuwa na ule mchoto wangu wa vidole vitatu. Mtaa wote ulimsindikiza, na mimi nikamzuia ncha ya kidole maisha yangu yote.

Alhamisi nilimwambia Rukia anipeleke. Tuktuk ikatuacha mwanzo wa mtaa, tukapanda kichochoro taratibu, nikipumzika kila baraza. Nyumba yetu ina wenyewe wengine sasa, na mlango wake umepakwa rangi nisiyoijua. Lango la makaburi ni lile lile. Safu ya mwisho imeanza tena kuinama, kidogo tu.

Nilitoa salamu kwa wote, wakubwa na wadogo. Rukia alimpa mwangalizi kijaluba, naye mwangalizi akaenda akakikung'uta juu ya kaburi la mamangu, akakigonga nyuma kwa kidole udongo utoke wote. Udongo ule haukujaa hata kijiko. Alinirudishia kijaluba kitupu, akaenda zake.

Nikabaki langoni. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, na palikuwa kimya.

"Nyanya, twangoja nini?" Rukia akaninong'oneza.

Nilikuwa nasikiliza. Katika safu ya mwisho, chini ya jiwe la mamangu, changarawe moja ikaachana na udongo, ikateremka, ikagonga jiwe, ikatulia.

"Haya," nikamwambia. "Twende."

Rukia alinishika mkono, akageuka kuangalia nyuma. Mimi sikugeuka.